HISABATI YA KUFILISIKA: Mtaji, Dau na Bahati katika Mchezo wa Poka

Watu wengi huamini kuwa mcheza karata hufilisika kwa sababu moja kati ya mbili: ama hajui kucheza, ama bahati imemtupa mkono. Imani hiyo ina ukweli kiasi, lakini haitoshi. Iko sababu ya tatu, ambayo aghalabu haitajwi, nayo ni uwiano baina ya dau analoliweka mchezaji na mtaji alionao. Mchezaji aliye hodari kuliko wenzake wote mezani aweza kumaliza fedha zake zote na kuondoka mikono mitupu, hali ya kuwa hakukosea hata mara moja katika kucheza kwake. Kosa amelifanya kabla ya karata kugawanywa, pale alipochagua meza ya kuketi.

Jambo hili limechunguzwa na wanahisabati kwa zaidi ya karne tatu na nusu. Makala haya yanalieleza kwa kutumia mfano wa poka, mchezo wa karata uliositawi Marekani katika karne ya 19 na ambao sasa huchezwa katika nchi nyingi. Shabaha si kumfundisha msomaji kucheza kamari. Shabaha ni kuonyesha jinsi elimu ya uwezekano, ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma kwa kurusha sarafu na dadu, inavyojibu swali linalomhusu kila mtu mwenye mtaji mdogo na safari ndefu: aweke kiasi gani hatarini kwa mara moja?

Swali la Pascal

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu michezo ya bahati, na barua hizo huhesabiwa kuwa ndizo zilizoiweka misingi ya elimu ya uwezekano. Mwaka 1656 Pascal alimpa Fermat fumbo jipya. Mholanzi Christiaan Huygens alilitia fumbo hilo mwishoni mwa kitabu chake kidogo kilichochapishwa mwaka 1657, likiwa la tano kati ya maswali matano aliyowaachia wasomaji.

Fumbo lenyewe ni hili. Wachezaji wawili, A na B, kila mmoja ana sarafu 12. Hurushwa dadu tatu kwa pamoja. Jumla ikiwa 14, B humpa A sarafu moja. Jumla ikiwa 11, A humpa B sarafu moja. Jumla nyingine yoyote haihesabiwi. Mchezo huendelea mpaka mmoja wao aishiwe. Je, uwezekano wa A kushinda ni upi ukilinganishwa na ule wa B?

Dadu tatu huweza kuanguka kwa njia 216. Kati ya hizo, njia 15 hutoa jumla ya 14, na njia 27 hutoa jumla ya 11. Kwa hiyo katika kila mrusho wenye matokeo, uwiano baina ya A na B ni 15 kwa 27, yaani 5 kwa 9. Mtu asiyefanya hesabu angedhani kuwa uwiano wa kuumaliza mchezo nao utakuwa 5 kwa 9, au karibu na hapo. La hasha. Uwiano wa kweli ni 5 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, kwa 9 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12. Yaani 244,140,625 kwa 282,429,536,481. Kwa maneno mengine, mchezo huo ukichezwa mara nyingi, B atamfilisi A mara 1,157 hivi kwa kila mara moja ambayo A atamfilisi B.

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza. Nafuu ndogo katika kila hatua, ikipewa hatua nyingi za kufanya kazi, hugeuka kuwa karibu yakini. Idadi ya hatua hizo hutegemea ukubwa wa mtaji ukilinganishwa na dau. Kama kila mmoja angekuwa na sarafu moja tu, uwiano ungebaki 5 kwa 9, na A angekuwa na matumaini mema ya kushinda.

Mchezo wa haki na mpinzani tajiri

Na tuanze na mchezo wa haki kabisa, kama vile kurusha sarafu isiyo na kasoro, ambapo kila upande una nafasi ya nusu. Mchezaji ana shilingi 10, mpinzani wake ana shilingi 90, na kila dau ni shilingi moja. Mchezo ukiendelea mpaka mmoja aishiwe, uwezekano wa mchezaji wa kwanza kuzipata shilingi zote 100 ni mtaji wake ukigawanywa kwa jumla ya fedha zote, yaani 10 kwa 100, au asilimia 10. Uwezekano wake wa kufilisika ni asilimia 90.

Mchezo ni wa haki, hakuna aliyedanganya. Lakini mwenye mtaji mdogo hufilisika kwanza, kwa sababu wimbi lile lile la bahati mbaya ambalo tajiri hulivumilia, yeye humzamisha. Na kama mpinzani ana fedha zisizokwisha, basi mchezaji atafilisika kwa hakika, akiendelea kucheza bila kikomo. Mpinzani wa namna hiyo si wa kufikirika tu. Anayeketi kwenye meza ambayo kila anayeondoka hufuatwa na mwingine mwenye fedha mpya, anacheza na mfuko usio na mwisho.

Mwenye nafuu naye aweza kufilisika

Sasa na tumfikirie mchezaji aliye bora kuliko wapinzani wake. Katika kila mchezo hushinda kwa uwezekano p na hushindwa kwa uwezekano q, na p ni kubwa kuliko q. Dau lake ni kipande kimoja cha mtaji. Je, uwezekano wake wa kufilisika ni upi?

Jibu hupatikana kwa hoja fupi ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifuata. Mwite x uwezekano kwamba, wakati wowote mbele ya safari, mchezaji atashuka kipande kimoja chini ya pale alipo sasa. Mambo mawili yaweza kutokea katika mchezo wa kwanza. Ama atashindwa, kwa uwezekano q, na hapo ameshashuka. Ama atashinda, kwa uwezekano p, na hapo itambidi ashuke kipande kimoja mara mbili, jambo ambalo uwezekano wake ni x mara x. Kwa hiyo:

x = q + px²

Mlinganyo huu una majibu mawili: x = 1, na x = q/p. Mchezaji mwenye nafuu hupanda kwa wastani, hivyo jibu la 1 halimfai. Linalomfaa ni q/p. Kama ana vipande m, ili afilisike ni lazima ashuke kipande kimoja mara m, na uwezekano wa hilo ni q/p iliyozidishwa kwa yenyewe mara m.

Chukua mfano wa mchezaji anayeshinda mara 55 katika kila michezo 100. Kwake q/p ni 45/55, yaani 9/11. Uwezekano wake wa kufilisika ni kama ifuatavyo:

Mtaji wa vipande 1: asilimia 82
Mtaji wa vipande 5: asilimia 37
Mtaji wa vipande 10: asilimia 13
Mtaji wa vipande 20: asilimia 1.8
Mtaji wa vipande 30: asilimia 0.24

Mchezaji ni yule yule, ujuzi ni ule ule, na wapinzani ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi tu ya vipande ambavyo mtaji umegawanywa. Mwenye shilingi 10,000 anayeweka dau la shilingi 2,000 ana hatari ya kufilisika zaidi ya mara moja katika kila tatu. Akiweka dau la shilingi 500, hatari hiyo hushuka hadi chini ya mara moja katika 50.

Utunzaji wa mtaji hauzai nafuu

Hapa pana kosa ambalo limewaponza wengi. Mtu akisoma hesabu iliyotangulia aweza kudhani kuwa, kwa kuweka madau madogo madogo, ataweza kushinda mchezo wowote. Hesabu inasema kinyume chake. Hoja ile yote ilisimama juu ya sharti moja, kwamba p ni kubwa kuliko q. Sharti hilo likiondoka, madau madogo huchelewesha tu kufilisika.

Mfano mzuri ni gurudumu la ruleti la Ulaya, lenye vishimo 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha sifuri. Anayewekea rangi nyekundu hushinda kwa uwezekano wa 18/37. Tofauti na nusu ni ndogo mno, na jicho haliioni. Mchezaji mwenye shilingi 1,000 anayetaka kuzifanya 2,000 akiziweka zote kwa mara moja, nafasi yake ni asilimia 48.6. Akizigawa katika madau 10 ya shilingi 100, nafasi hushuka hadi asilimia 37 hivi. Akizigawa katika madau 20, hubaki asilimia 25. Akizigawa katika madau 100 ya shilingi 10, na kucheza mpaka azipate 2,000 au aishiwe, nafasi yake haifiki nusu ya asilimia moja. Nafuu ndogo ya mwenye kasino imepewa hatua nyingi za kufanya kazi, kama nafuu ya B katika fumbo la Pascal.

Hali kadhalika ubashiri wa mechi za mpira, ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki huufanya kwa kuunganisha mechi nyingi katika tiketi moja waiitayo mkeka. Na tuseme mwenye kampuni hupanga malipo yake kiasi kwamba, kwa wastani, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi moja, 95 humrudia mchezaji. Kiasi hicho chaonekana cha haki. Lakini mechi 10 zikiunganishwa, 0.95 huzidishwa kwa yenyewe mara 10, na kinachomrudia mchezaji kwa wastani ni shilingi 60 tu. Ukubwa wa zawadi inayotangazwa huificha hasara hiyo, na hakuna kanuni yoyote ya utunzaji wa mtaji iwezayo kuiondoa.

Kwa nini poka ni tofauti, na kwa nini ni hatari

Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao. Mwenye nyumba huchukua ushuru wake katika fedha zinazochezewa, lakini hashiriki mchezo. Kwa sababu hiyo mchezaji bora aweza kuwa na nafuu ya kweli, ikiwa ubora wake unazidi ushuru huo.

Katika aina ya poka ichezwayo zaidi siku hizi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza kwa matumizi ya wote. Mwenye kuunda mkono bora wa karata tano, au aliyewafanya wenzake wote wajitoe, huchukua fedha zilizowekwa. Kabla ya karata kugawanywa, wachezaji wawili hulazimika kutanguliza madau, na lile kubwa kati ya hayo mawili, ambalo hapa litaitwa dau la lazima, ndilo kipimo cha daraja la meza. Kwa desturi mchezaji huketi na kiingilio cha madau ya lazima 100.

Ujuzi katika mchezo huu hufanya kazi polepole sana, na bahati hufanya kazi haraka sana. Mwenye jozi ya ree, ambayo ni bora kuliko jozi zote, akipambana na mwenye jozi ya mfalme, na fedha zao zote zikawekwa kabla ya karata za mezani kufunuliwa, hushinda kiasi cha mara 82 katika 100. Mara 18 zilizobaki atapoteza kila alichokiweka, ingawa uamuzi wake ulikuwa sahihi kabisa.

Na tuchukue mchezaji hodari ambaye kwa wastani hupata faida ya madau ya lazima 5 katika kila michezo 100, na ambaye kipimo chake cha mtawanyiko, kiitwacho mkengeuko sanifu, ni madau 90 kwa michezo hiyo hiyo 100. Hivyo ni viwango vya kawaida kwa mchezaji mzuri. Baada ya michezo 10,000 faida yake ya wastani ni madau 500. Mkengeuko sanifu hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya michezo, hivyo sasa ni 90 mara 10, yaani 900. Kutokana na hesabu hizo, uwezekano kwamba mchezaji huyu hodari atakuwa amepata hasara baada ya michezo 10,000 ni asilimia 29. Kwenye meza ya kawaida ambako huchezwa michezo 30 kwa saa, michezo hiyo ni saa 333. Anayecheza saa nne kila Jumamosi angehitaji wiki 83, zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na bado matokeo yake yasingetosha kumwambia kwa yakini kama yeye ni hodari au la.

Hii ndiyo hatari kubwa ya anayeanza. Akishinda mwezi wa kwanza hudhani ni ujuzi. Akishindwa hudhani ni bahati mbaya. Mara zote mbili huenda amekosea, na fedha zake ndizo zinazolipa ada ya kosa hilo.

Kupanda daraja

Mchezaji anayeshinda kwenye meza ya madau madogo hutamani kupanda kwenye meza ya madau makubwa. Ni tamaa ya kawaida, lakini hesabu yake si nyepesi. Kwa mchezo wa namna hii uwezekano wa kufilisika hukadiriwa kwa kanuni e^(−2fm/s²), ambapo f ni faida ya wastani, m ni mtaji, s ni mkengeuko sanifu, na e ni 2.718.

Mchezaji wetu akiwa na viingilio 20, yaani madau 2,000, hatari yake ni asilimia 8. Akiwa na viingilio 40, hatari hushuka chini ya asilimia 1. Sasa na tuseme yule mwenye viingilio 20 anahamia meza ambayo dau lake la lazima ni maradufu. Mambo mawili humpata kwa pamoja. Kwanza, fedha zake, ingawa hazijapungua hata shilingi moja, sasa ni viingilio 10 tu. Pili, wachezaji wa daraja la juu ni bora zaidi, hivyo nafuu yake hupungua. Na tuseme imepungua kwa nusu, kutoka madau 5 hadi 2.5. Tukitia tarakimu hizo katika kanuni, hatari yake ya kufilisika hupanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 54. Mtu aliyekuwa karibu na usalama sasa yu katika hali mbaya kuliko ya kurusha sarafu, na bado ni mchezaji mwenye faida.

Kwa ajili hiyo wachezaji waangalifu hufuata kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kutopanda mpaka mtaji utoshe kwa daraja la juu. Ya pili, ambayo ni ngumu zaidi kwa moyo wa binadamu, ni kushuka mara tu mtaji unapopungua. Aliye na shilingi 400,000 kwenye meza ya dau la shilingi 100 ana viingilio 40. Akipanda kwenye meza ya dau la shilingi 200 na kukaza kubaki huko liwalo na liwe, hatari yake ni asilimia 29. Lakini akiweka sharti kwamba akipoteza shilingi 100,000 atarudi chini, atarudi akiwa na viingilio 30, na hatari yake haitazidi asilimia 2.5 hivi. Kanuni ya kushuka ndiyo inayoifanya safari ya kupanda iwezekane. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mfano mashuhuri ni wa Chris Ferguson, Mmarekani mwenye shahada ya udaktari ya sayansi ya kompyuta kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwaka 2000 alitwaa ubingwa wa dunia wa poka. Mwaka 2006 alianza jaribio la kuchuma dola 10,000 za Marekani kwa kuanzia sifuri, akiingia kwanza mashindano yasiyo na kiingilio katika intaneti. Alijiwekea masharti ya wazi: asiketi mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, asiingie shindano la meza nyingi kwa zaidi ya asilimia 2, na fedha zake za mezani zikizidi asilimia 10 ya mtaji wote, aondoke. Alilitimiza lengo lake mwaka 2007. Bingwa wa dunia, mwenye ujuzi unaozidi kwa mbali ule wa wapinzani wake wa mwanzo, aliona kuwa hawezi kuhatarisha zaidi ya sehemu moja katika 20.

Kadiri inayofaa

Je, iko kadiri iliyo bora kuliko zote? Mwaka 1956 John L. Kelly, mtaalamu wa maabara ya simu ya Bell nchini Marekani, alilijibu swali hilo alipokuwa akichunguza upelekaji wa habari katika nyaya. Katika mchezo ambao malipo ni sawa na dau, sehemu ya mtaji inayofaa kuwekwa ni p − q. Anayeshinda mara 55 katika 100 anafaa kuweka asilimia 10 ya mtaji alionao kila mara, na mtaji ukipungua, dau nalo lipungue.

Matokeo ya kuipita kadiri hiyo yanashangaza. Wachezaji wanne wanaanza na shilingi 1,000 kila mmoja. Wote wanacheza michezo 100, na wote wanashinda 55 na kushindwa 45. Tofauti yao ni sehemu ya mtaji wanayoiweka kila mara:

Anayeweka asilimia 5 humaliza na shilingi 1,455
Anayeweka asilimia 10 humaliza na shilingi 1,650
Anayeweka asilimia 20 humaliza na shilingi 986
Anayeweka asilimia 30 humaliza na shilingi 198

Mchezaji wa nne ameshinda michezo mingi kuliko aliyoshindwa, na amepoteza theluthi mbili na zaidi ya mtaji wake. Kwa hakika, amepoteza karibu shilingi 800. Sababu ni kwamba faida na hasara za asilimia hazilingani. Aliyepata nusu ya shilingi 1,000 huwa na 1,500. Akipoteza nusu ya hizo hubaki na 750, wala harudi alikotoka. Tena msomaji aangalie mchezaji wa kwanza: ameweka nusu ya kadiri ya Kelly, na amekosa sehemu ndogo tu ya faida. Anayekosea kwa kuweka kidogo hupoteza muda. Anayekosea kwa kuweka kingi hupoteza mtaji. Na kwa kuwa hakuna aijuaye p yake kwa usahihi, ni busara kukosea upande wa uchache.

Nje ya meza ya karata

Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, mwanahisabati Mswisi, aliandika kuhusu mfanyabiashara mwenye bidhaa ng'ambo ya bahari, katika wakati ambapo jahazi moja kati ya kumi huzama. Alionyesha kuwa ni afadhali kuzigawa bidhaa katika majahazi mawili kuliko kuzipakia zote katika moja, ingawa hasara ya wastani ni ile ile. Uwezekano wa kupoteza kila kitu hushuka kutoka 1 kwa 10 hadi 1 kwa 100.

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mchuuzi wa nyanya wa leo. Na tuseme safari tisa kati ya kumi humpa faida ya asilimia 20, na safari moja mzigo wote huoza njiani. Kwa wastani biashara hiyo ina faida ya asilimia 8 kila safari, na aiitaye biashara nzuri hakosei. Lakini akiweka mtaji wake wote katika kila safari, uwezekano wa kuwa bado yumo katika biashara baada ya safari 10 ni asilimia 35 tu. Wastani ni wa wachuuzi wengi wakijumlishwa pamoja. Yeye ni mmoja, na akifilisika mara moja hana safari ya kesho. Mchuuzi mwenye kuacha akiba nyumbani huendelea kuishi ili aile faida ambayo hesabu imemwahidi. Mkulima asiyepanda mbegu zake zote kwa mvua ya kwanza anaijua kanuni hii, hata kama hajawahi kuiandika.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila fedha wala karata. Atayarishe vipande 20 vya karatasi, 11 vikiwa na herufi S, ya kushinda, na 9 vikiwa na herufi K, ya kukosa, avitie katika kopo. Kila mwanafunzi apewe punje 5 za mahindi. Achote karatasi moja bila kuangalia, kisha airudishe na kopo litikiswe. Akipata S aongezewe punje moja. Akipata K aitoe moja. Anayeishiwa akae pembeni. Baada ya kuchota mara 100 kila mmoja, katika darasa la wanafunzi 40 itegemewe kuwa 12 au 13 hivi watakuwa wamefilisika, ingawa mchezo uliwapendelea wote. Jaribio lirudiwe kwa punje 20 kila mmoja. Mara hii huenda asifilisike hata mmoja. Mwisho wanafunzi wabadilishe karatasi, S ziwe 9 na K ziwe 11, na waone kama wingi wa punje utawaokoa.

Yafaa kukumbusha kuwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003 inamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kushiriki michezo hiyo. Lakini mwanafunzi aliyefanya jaribio hili kwa punje za mahindi atakuwa amejifunza jambo ambalo wengi hujifunza kwa kupoteza karo au mtaji wa familia. Kabla ya kuuliza atapata nini akishinda, aulize kwanza maswali mawili: je, nafuu iko upande wangu, na nikishindwa mara kumi mfululizo, nitabaki na kitu cha kuanzia tena? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, ukubwa wa dau haubadili mwisho. Likiwa ndiyo, jibu la swali la pili ndilo litakaloamua kama atadumu kiasi cha kuifaidi nafuu hiyo.